Upande Uliopotea: Rekodi ya Tamasha Inapobaki na Chaneli Moja

Usiku wa Julai 7, 1956, katika uwanja wa Freebody Park mjini Newport, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, mpiga saksafoni Paul Gonsalves alisogea mbele ya jukwaa kupiga solo katika "Diminuendo and Crescendo in Blue", utunzi wa kiongozi wa bendi yake, Duke Ellington. Jukwaani palikuwa na maikrofoni za wamiliki wawili. Moja ilikuwa ya kampuni ya santuri ya Columbia, iliyokuwa ikirekodi onyesho lile ili iliuze. Nyingine ilikuwa ya redio ya Sauti ya Amerika, VOA, iliyokuwa ikirekodi kwa ajili ya matangazo yake. Gonsalves akaielekea ya redio.

Akapiga mizunguko 27 mfululizo. Kila mzunguko wa bluzi ile una baa 12, kwa hiyo alipiga baa 324 bila kumpisha mwenzake. Watu waliokuwa wameanza kuchoka wakainuka vitini, wakacheza, wakapiga kelele hadi waandaaji wakaingiwa na hofu. Ellington, ambaye nyota yake ilikuwa imefifia, alirudi juu kwa usiku mmoja, na mwezi uliofuata picha yake ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time.

Lakini kanda ya Columbia haikuwa na solo ile ipasavyo. Saksafoni ilisikika kwa mbali, kama mtu anayepiga nyuma ya bendi, kwa sababu maikrofoni iliyoipokea vizuri ilikuwa ya wengine. Sehemu nyingine za onyesho zilirudiwa studioni siku chache baadaye, zikaongezewa makofi na shangwe, na santuri ikatoka mwaka uleule ikiitwa ya Newport. Ikawa santuri iliyouzwa kuliko zote katika maisha ya Ellington. Kwa miaka 40 dunia iliipenda rekodi yenye pengo pale hasa palipokuwa na jambo kubwa.

Mwaka 1996 kanda za VOA za usiku ule zilipatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtayarishaji Phil Schaap akaichukua rekodi ya Columbia, iliyokuwa mono, yaani ya njia moja tu ya sauti, akaichukua na ya VOA, nayo mono, akaziendesha sambamba: moja sikio la kushoto, nyingine la kulia. Kwa kuwa maikrofoni za pande hizo mbili hazikusimama mahali pamoja, muunganiko wao ukazaa sterio ambayo hakuna aliyeipanga mwaka 1956. Toleo hilo lilitoka mwaka 1999, na Gonsalves akasikika akiwa mbele, mahali pake.

Kisa hiki kinamhusu kila anayerekodi muziki wa jukwaani, awe fundi wa tamasha kubwa Zanzibar au kijana anayerusha ibada ya kwaya kwa simu pale Mbeya. Chaneli iliyopotea haihuishwi na mashine peke yake. Mara nyingi inarudi kwa sababu mtu mwingine naye alirekodi, na nakala yake ikatunzwa.

Chaneli hupoteaje

Rekodi ya sterio ina njia mbili za sauti, yaani chaneli mbili, kushoto na kulia, na rekodi ya kisasa ya jukwaani inaweza kuwa na njia 16, 32 au zaidi, kila chombo na njia yake. Njia moja ikifa, muziki unaobaki unakuwa na tundu. Katika taarabu, inaweza kuwa kanuni ndiyo iliyotoweka. Katika dansi, inaweza kuwa gitaa la solo, na wimbo wa dakika nane ukabaki na rizimu, besi na tumba zinazosindikiza kitu kisichosikika.

Vyanzo ni vya kawaida kabisa. Waya wa maiki una nyuzi tatu ndani yake, na mmoja ukikatika kwa kukanyagwa, sauti inadhoofika au inapotea. Maikrofoni nyingi za aina ya kondensa huhitaji umeme wa volti 48 unaopitia kwenye waya huohuo; mtu akisahau kuuwasha kwenye chaneli moja ya miksa, chaneli hiyo inarekodi ukimya. Kamera ikiingiziwa maiki ya mono, huenda ikajaza upande wa kushoto tu na kuuacha wa kulia mtupu.

Kuna kasoro nyingine inayowahadaa hata wazoefu. Sauti inayotoka kwenye miksa kwa waya wa nyuzi tatu, ikiingizwa kwenye tundu la sterio la kamera au kompyuta, hugawanyika mara mbili: upande wa kushoto unapata wimbi, wa kulia unapata wimbi lilelile lililopinduliwa. Anayesikiliza kwa hedifoni atasikia sauti, ingawa itakuwa na hali ya kutatanisha, kama haitoki mahali popote. Anayesikiliza kwa simu yenye spika moja hasikii chochote, au anasikia mabaki hafifu, kwa sababu spika hiyo inazijumlisha pande mbili na mawimbi yanafutana. Ibada nyingi na harusi nyingi zinazorushwa mtandaoni zinatazamwa kwa simu za namna hiyo. Fundi anaona taa za miksa zinacheza, anaamini mambo ni mazuri, huku nyumbani watu wanatazama midomo isiyo na sauti.

Chunguza kabla ya kukata tamaa

Kazi ya kwanza ya fundi ni kujua kama chaneli imepotea kweli au imejificha. Hizo ni hali mbili tofauti, na wengi wametupa rekodi zilizokuwa zinaokoleka.

Tuanze na kaseti, ambayo bado imelala kwa wingi katika makabati ya nyumba zetu. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 tu, na ndani ya upana huo zimepangwa njia nne: mbili za upande A na mbili za upande B. Kila njia ina upana wa karibu milimita 0.6. Kwa hiyo punje ndogo ya uchafu kwenye kichwa cha kusomea inaweza kuifunika chaneli nzima. Kabla ya kutangaza kwamba upande wa kulia umekufa, safisha kichwa hicho kwa pamba na spiriti safi, kisha jaribu deki nyingine iliyo nzima. Kichwa kilichopinda kidogo nacho huumeza mlio mwembamba na kuacha mzito, hata msikilizaji akadhani fidla haikuwepo kabisa.

Kwa rekodi ya kidijitali, fungua faili kwenye programu ya kuhariri na uitazame michoro ya mawimbi. Mstari ulionyooka kabisa ni ukimya wa kweli. Mstari wenye vinyweleo vidogo ni sauti iliyorekodiwa chini mno, na hiyo inaweza kupandishwa. Hapo ndipo faida ya kurekodi kwa biti 24 inapoonekana: kwa hesabu ya nadharia, biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti kubwa na ukimya, ilhali biti 24 zina nafasi ya takriban 144. Sauti iliyorekodiwa chini sana kwa biti 24 inaweza kuinuliwa bila kujaa mchakacho wa kidijitali, mradi maiki na vifaa vyenyewe havikuwa na kelele nyingi.

Na ile kasoro ya mawimbi yanayofutana ndiyo rahisi kuliko zote. Pindua wimbi la upande mmoja, au chukua upande mmoja tu uuweke katikati. Rekodi iliyodhaniwa kuwa bubu inaanza kuimba papo hapo.

Sharti moja halina mjadala: kazi yote ifanyike kwenye nakala. Kanda halisi ichezwe mara chache iwezekanavyo, isafirishwe kidijitali, kisha ipumzishwe. Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha, IASA, katika mwongozo wake wa kiufundi, kinataka nakala ya hifadhi isiwe chini ya kilohezi 48 na biti 24, na kinapendekeza kilohezi 96.

Njia ya haraka

Ikithibitika kwamba upande mmoja haupo kabisa, njia ya haraka ni kuuchukua upande uliopona na kuuweka pande zote mbili. Rekodi inakuwa mono. Msikilizaji mwenye hedifoni hapati tena karaha ya muziki unaolia sikio moja, na mwenye uwezo wa kusikia kwa sikio moja tu hakosi kitu. Kwa hotuba, mahojiano au kwaya iliyorekodiwa kwa maiki mbili zilizosimama karibu karibu, hatua hiyo inatosha kabisa.

Haitoshi pale ambapo vyombo viligawanywa kati ya pande mbili. Kama fundi aliweka sauti ya mwimbaji kushoto na gitaa kulia, kunakili kushoto hakumrudishi mpiga gitaa. Baadhi ya mafundi huongeza mwangwi wa kubuni au kuchelewesha upande mmoja kidogo ili upatikane upana wa bandia. Upana huo unaweza kupendeza, lakini ukichezwa kwenye spika moja unaweza kuifanya sauti iwe nyembamba na ya bati. Mono safi ni bora kuliko sterio ya uongo.

Nakala ya pili

Njia yenye matunda zaidi ni ile aliyoifuata Schaap: kuitafuta rekodi nyingine ya onyesho lilelile. Leo hilo ni rahisi kuliko lilivyokuwa mwaka 1956. Mpiga picha alikuwa na kamera yenye maiki yake. Redio ilikuwa inarusha matangazo. Mashabiki kadhaa walikuwa wameinua simu. Kila moja ya nakala hizo inaweza kuwa na kile ambacho miksa ilikikosa.

Tena hukamilishana kwa namna ya ajabu. Katika ukumbi mdogo, fundi hapandishi sana ngoma na magitaa kwenye miksa, kwa kuwa yanajitosheleza kwa kelele yake pale jukwaani. Anachopandisha ni waimbaji. Ndiyo maana rekodi iliyotoka moja kwa moja kwenye miksa mara nyingi huwa na mwimbaji mkubwa na ngoma hafifu. Simu iliyokuwa katikati ya ukumbi ina ngoma zote, ina shangwe, ina pumzi ya ukumbi wenyewe, lakini maneno ya mwimbaji yamezama. Ukizioanisha mbili hizo, unapata karibu kila kitu.

Kuzioanisha ndiko kwenye kazi. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Simu iliyokuwa mita 34 kutoka kwenye spika ilipokea muziki ukiwa umechelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, wakati miksa iliupokea papo hapo. Fundi anatafuta mlio mkali unaosikika katika rekodi zote, kama pigo la kwanza la ngoma au kofi moja, na kuvipanga vilele vyake vilingane.

Kisha inakuja kero ya kuachana. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazokwenda sawa kabisa. Tofauti ya sehemu 50 tu katika milioni inazaa pengo la sekunde 0.18 kwa saa moja. Wimbo wa kwanza unalingana, wa kumi unasikika kama bendi mbili zinazofukuzana. Dawa yake ni kuirefusha au kuifupisha rekodi moja kwa kiasi hicho kidogo, au kuikata katika mapumziko kati ya nyimbo na kupanga kila wimbo peke yake. Kwa kanda za sumaku kazi ni ngumu zaidi, kwa maana mashine za zamani hazizungushi utepe kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Na kabla ya yote hayo, hakikisha faili zinasomwa kwa kipimo chake halisi: iliyorekodiwa kwa kilohezi 44.1 ikichezwa kama ya 48 itakwenda mbio kwa karibu asilimia 9, na sauti ya mwimbaji itasikika juu kuliko ilivyo.

Ikikosekana nakala ya pili, chombo kilichopotea mara nyingi kimevuja ndani ya maiki za jirani. Maiki ya mwimbaji imemsikia mpiga ngoma aliye nyuma yake. Maiki ya fidla imeisikia kanuni. Fundi mvumilivu anaweza kuipandisha ile milio inayofanana na chombo kilichopotea, akaishusha mingine, na kupata kivuli kinachotosha kuujaza wimbo.

Kompyuta inayotenganisha sauti

Miaka ya karibuni imeleta nguvu mpya. Rekodi za The Beatles katika Hollywood Bowl mjini Los Angeles, za miaka 1964 na 1965, zilifanywa kwa mashine ya njia tatu tu, na mayowe ya mashabiki yalikuwa yameufunika muziki. Mwaka 2016 zilitolewa upya baada ya mhandisi James Clarke wa studio za Abbey Road kutumia programu aliyoibuni ya kuvichambua vyombo kutoka ndani ya mchanganyiko. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa iliitoa Spleeter, programu ya kutenganisha sauti, bure kwa kila mtu, na Facebook nayo ikatoa Demucs. Leo kijana mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuutenga wimbo katika mafungu.

Lakini tazama mafungu yenyewe. Mpangilio wa kawaida wa programu hizo una manne: sauti ya mwimbaji, ngoma, besi, na "mengineyo". Zimefunzwa zaidi kwa muziki wa pop na roki wa nchi za Magharibi. Ukizipa rekodi ya taarabu asilia, kanuni, udi, fidla na akodiani vyote vinatupwa katika kapu moja la mengineyo, yaani moyo wa taarabu wote. Magitaa matatu ya dansi, yanayojibizana kila moja kwa kauli yake, nayo yanarundikwa humohumo. Programu hizi ni msaada mkubwa kwa kumwinua mwimbaji aliyezama, na zitumike. Ila zitaujua muziki wetu siku tutakapozifundisha kwa rekodi zetu wenyewe, zilizo safi na zenye kila chombo katika njia yake. Hiyo ni kazi ya vyuo vyetu vya muziki na vya kompyuta, na hakuna wa nje atakayeifanya kwa niaba yetu.

Kusema kilichofanyika

Kukarabati kuna daraja tatu, na msikilizaji ana haki ya kujua anasikiliza ipi. Kuna sauti iliyookolewa, iliyokuwemo kwenye rekodi ikainuliwa. Kuna iliyoazimwa kutoka rekodi nyingine ya usiku uleule. Na kuna iliyopigwa upya studioni kuziba pengo. Zote tatu ni halali, na hata ya tatu imetumiwa na wanamuziki wengi wakubwa. Kosa ni kuificha. Wengi walionunua santuri ya Ellington ya mwaka 1956 waliamini kwamba kila kilichomo kilipigwa mbele ya umati wa Newport. Mstari mmoja kwenye jalada ungetosha kuwaheshimu. Kwa mtafiti wa kesho anayetaka kujua kanuni ilipigwaje Unguja, mstari huo ndio tofauti kati ya ushahidi na uzushi.

Urithi usiorudiwa

Kwetu hapa jambo hili lina uzito wa pekee, maana muziki wetu mkubwa ulikuwa wa jukwaani. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa ni sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, ilikuwa njia kuu ya bendi kurekodiwa, na redio ya Zanzibar ilizirekodi taarabu za Unguja. Nje ya studio hizo, muziki uliishi kumbini na kwenye kaseti za mashabiki. Mpiga gitaa na mwimbaji Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Mwimbaji wa taarabu Bi Kidude alifariki Aprili 2013, baada ya kupanda mara nyingi kwenye jukwaa la Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004 Zanzibar. Hakuna atakayewaita warudie solo au ubeti uliokosa kurekodiwa. Kaseti yenye upande mmoja uliokufa, yenye sauti ya mmoja wao, si takataka. Ni nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine huenda imo kwenye droo ya mtu mwingine.

Maktaba ya Bunge la Marekani imetufundisha hilo mara mbili. Mwaka 2005, katika mkusanyiko uleule wa kanda za VOA, mfanyakazi wake Larry Appelbaum alizikuta rekodi za wanamuziki wa jazi Thelonious Monk na John Coltrane wakipiga pamoja Carnegie Hall mjini New York Novemba 1957. Ziliokoka kwa sababu redio ilirekodi, ikaandika jina na tarehe, na maktaba haikutupa.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayowaomba wote wanaohusika. Mafundi: rekodini mara mbili kila onyesho, kutoka kwenye miksa na kwa maiki mbili zilizosimama ukumbini, na pigeni kofi moja kubwa kabla ya wimbo wa kwanza ili kazi ya kuoanisha iwe nyepesi. Sikilizeni kila upande peke yake kwa hedifoni, kisha sikilizeni kwa spika ya simu. Waandaaji wa matamasha: msifute njia ghafi baada ya video kutoka, kwani diski moja ya kuzihifadhi haifikii gharama ya jukwaa la usiku mmoja. TBC, na ZBC ya Zanzibar: harakisheni kuzihamisha kanda zenu kidijitali kabla joto na unyevu wa pwani havijazimaliza, na wapeni watafiti orodha ya vilivyomo. Na wewe msomaji mwenye kaseti ya baba, ya harusi, ya dansi la mwaka ule au ya kikundi cha taarabu kilichokwisha kuvunjika: usiitupe kwa kuwa inalia upande mmoja. Andika juu yake ni nani waliopiga, wapi na lini, kisha ipeleke kwa anayeweza kuihamisha.